Kumpeleka mtoto wa mbwa darasani: mwongozo kamili kwa familia inayoanza

Jijini Nairobi familia nyingi humleta mtoto wa mbwa nyumbani akiwa na wiki nane hivi. Humjengea kibanda nyuma ya nyumba, humlisha vizuri, na mafunzo huyaacha mpaka akomae. Miezi ikipita mbwa huyo anavuta kamba hadi mtu anayumba, anabweka usiku kucha, anamkimbiza mtoto wa jirani. Hapo ndipo namba ya mwalimu wa mbwa inapotafutwa. Mwalimu mzuri atamsaidia hata mbwa wa umri huo, ila atatumia muda mrefu kurekebisha mambo ambayo wiki chache za mwanzo zingeyazuia.

Mwongozo huu ni wa hizo wiki chache. Nimeuandika nikiifikiria Nairobi, kwa kuwa huko madarasa ya mbwa yanapatikana, lakini aliye Arusha, Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuufuata bila shida. Mwishoni nimeeleza pia la kufanya mahali ambapo darasa halipo.

Kwa nini mapema hivyo

Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine nchini Marekani, walieleza kwa kina kipindi fulani katika maisha ya mbwa, kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 12. Katika kipindi hicho mbwa huwa tayari kumpokea kila mtu na kila kitu kipya. Anachokutana nacho wakati huo bila kuumia wala kutishwa, hukihesabu kuwa sehemu ya dunia yake. Asichokutana nacho, baadaye hukitilia shaka. Mlango huo haufungwi siku moja, lakini mbwa akishapita wiki ya 14 au ya 16 huwa umebaki upenyo mdogo.

Sasa fikiria mbwa anayekulia nyuma ya nyumba. Wiki zote hizo amemwona mtu anayempa chakula, ukuta na kamba ya nguo. Bodaboda hajaiona. Mwanamke aliyevaa buibui hajamwona, wala mzee mwenye bakora, wala watoto wa shule wakipita kwa kelele, wala mtu aliyebeba gunia kichwani. Akitolewa nje akiwa na miezi saba, kila kimoja kati ya hivyo kinamtisha, na mbwa aliyetishwa ana njia mbili tu: kukimbia au kuuma. Akiwa kwenye kamba, kukimbia hawezi.

Najua pingamizi linalokuja hapa, maana kila mwenye mbwa wa ulinzi huliuliza: nikimzoesha watu, atalinda nini? Jibu ni kwamba mbwa anayewaogopa watu wote halindi, anapiga kelele tu. Anambwekea mgeni, fundi wa maji na mwizi kwa sauti ileile, mpaka mwenye nyumba anazoea na haamki tena. Mbwa aliyezoea watu wa kawaida ndiye anayeweza kumtambua asiye wa kawaida, na ndiye utakayeweza kumwita arudi akaja.

Ushauri wa zamani kwamba mbwa asifundishwe mpaka afikishe miezi sita ulitokana na mbinu za wakati huo, zilizotumia mnyororo wa kukaba shingo na kumvuta mbwa kwa nguvu. Shingo ya mbwa mchanga haikuweza kuhimili hayo. Mwaka 1982 Ian Dunbar, daktari wa mifugo aliyekuwa California, alianzisha madarasa ya watoto wa mbwa wasiofungwa kamba, wakifundishwa kwa chakula na mchezo, na sababu ya kungoja ikaondoka. Mbinu zilibadilika, lakini ushauri wa zamani bado unarudiwa hadi leo, na ndio unaowapotezea watu wakati muhimu kuliko wote.

Hatua ya kwanza: daktari kabla ya mwalimu

Mpeleke kwa daktari wa mifugo katika siku za mwanzo baada ya kumleta nyumbani. Chanjo ya kwanza ya pamoja, inayokinga distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa, hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi. Mara nyingi kinga ya leptospira huwemo pia, nao ni ugonjwa unaoweza kumwambukiza binadamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu. Dawa ya minyoo huanza mapema zaidi. Usidhani mbwa mwenye tumbo kubwa ameshiba.

Usiyachukulie maradhi haya kuwa madogo. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wanasayansi waliufuatilia ugonjwa huo hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Parvo nayo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na mbwa mchanga asiyechanjwa akiipata, kutapika na kuhara damu vinaweza kumuua ndani ya siku chache.

Hapo ndipo mtu anajikuta njia panda. Chanjo zinakamilika wiki ya 16, na mlango wa kuzoea dunia unafungwa kabla ya hapo. Ufanye lipi? Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo ambao naukubali: mtoto wa mbwa anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 au 8, mradi amepata chanjo ya kwanza angalau siku 7 kabla, amepewa dawa ya minyoo ya kwanza, na anaendelea na chanjo zake kwa ratiba. Sababu waliyoitoa ni nzito: tabia mbaya ndizo zinazowaua mbwa wengi wasiofikisha miaka mitatu, kuliko maradhi ya kuambukiza, kwa kuwa mbwa asiyefugika hutupwa au huuawa.

Huku kwetu mitaani mna mbwa wengi wasiochanjwa, kwa hiyo naongeza masharti yangu mawili. Mbebe mikononi kutoka kwenye gari hadi ndani ya eneo la darasa, asikanyage pembezoni mwa barabara wala kwenye nyasi za watu wote. Na darasa liwe kwenye ua uliozungushiwa ukuta au uzio, usioingiwa na mbwa wa mtaani. Mwalimu akikuambia mnakutana uwanja wa wazi ambako kila mbwa hupita, mwambie utangoja chanjo zikamilike, au tafuta mwingine. Msitu wa Karura ni mahali pazuri pa kutembea na mbwa, lakini si pa kumpeleka wa wiki tisa.

Ukiwa kwa daktari, uliza pia kuhusu kupe. Homa ya kupe inaua mbwa wengi Afrika Mashariki, na darasa la kwenye nyasi ni mahali pa kuwapata. Dawa ya kupe ya mbwa mchanga hutolewa kwa kuangalia umri na uzito wake. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe hata kama jirani amefanya hivyo na mbwa wake akapona; dawa hiyo inaweza kumlemaza au kumuua.

Kadi ya chanjo iweke mahali utakapoiona. Utaihitaji darasani, na utaihitaji ukikata leseni ya mbwa ya kaunti.

Hatua ya pili: kachague darasa, mbwa akiwa nyumbani

Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote. Kazi ya kufundisha mbwa mtu yeyote anaweza kujitangaza kuwa anaijua. Wapo walimu wenye elimu na subira, na wapo waliojifunza kwa kupiga. Kwa hiyo mpigie mwalimu simu, omba kuja kutazama darasa moja ukiwa peke yako. Anayekataa bila sababu ya maana, usirudi kwake.

Ukifika, tazama mbwa kwanza, maneno ya mwalimu yatafuata. Mikia iko wapi? Mbwa wanamkimbilia mwalimu au wanajikunyata akikaribia? Tazama vifaa. Ukiona mnyororo wa kukaba, kola ya miiba au ya umeme kwenye shingo ya mtoto wa mbwa, ondoka. Ukimwona mwalimu anamgeuza mbwa chali na kumkandamiza chini ili "ajue nani mkubwa", ondoka pia. Mbwa aliyekandamizwa hunyamaza kwa hofu, na hofu hiyo hutoka baadaye, mara nyingi juu ya mtoto au mgeni.

Kisha uliza. Darasa lina mbwa wangapi? Sita au wanane kwa mwalimu mmoja ni wa kutosha. Kumi na tano ni fujo. Umri wao ukoje? Darasa la wachanga lisichanganywe na mbwa wa mwaka mmoja. Anadai kuona kadi ya chanjo ya kila mbwa? Anayeniruhusu kuingia bila kadi amewaruhusu na wengine. Mbwa akikosea, mwalimu hufanya nini? Sikiliza jibu hili kwa makini. Mwalimu mzuri atasema anarahisisha zoezi, anampeleka mbwa mbali kidogo na kinachomvuruga, anamwonyesha analotakiwa kufanya. Akianza kuzungumzia adhabu, umepata jibu lako. Sakafu inaoshwa na nini? Dawa nyingi za kawaida haziui parvo. Jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa thelathini, inaua, ila uchafu uondolewe kwanza.

Gharama, uliza ya kozi nzima na kilichomo ndani yake. Kozi nyingi za wachanga huenda wiki sita, saa moja kwa wiki. Epuka mpango wa kumwacha mbwa kwa mwalimu mwezi mzima akurudishie aliyefunzwa. Kwa mbwa mchanga mpango huo haufai hata ukiwa wa bei nafuu, kwa sababu wewe hukujifunza chochote, na hujui aliyokutana nayo huko.

Aina ya mbwa isikutie wasiwasi. Nairobi utaona darasani mbwa wa Kijerumani, Rottweiler, spitzi wa Kijapani mweupe, na mbwa wa kienyeji aliyechukuliwa KSPCA, shirika la kutunza wanyama kule Karen, wote wakikaa chini kwa ishara moja. Wa kienyeji hujifunza haraka sana. Wanachokosa ni wa kuwafundisha.

Hatua ya tatu: wiki moja ya maandalizi nyumbani

Mbwa asiyejua jina lake, asiyewahi kuvaa kola, asiyewahi kupanda gari, atatumia somo la kwanza lote kushangaa. Mpe msingi kidogo.

Jina: litaje mara moja kwa sauti ya furaha, akigeuka mpe kipande cha chakula. Usilitumie jina kumkemea, kamwe. Kola: mvalishe wakati wa kula, umvue baadaye, umzidishie muda kila siku. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko kola kwa kufungia kamba, kwa kuwa hauminyi koo. Mwache avute kamba nyepesi ndani ya nyumba ukiwa unamtazama.

Kushikwa: kila siku mshike masikio, mfungue mdomo, mguse kucha moja moja, huku akila kidogo kidogo kutoka mkono wako mwingine. Dakika mbili zinatosha. Daktari atakushukuru kwa miaka mingi ijayo, na mtoto mdogo wa nyumbani akimshika mkia kwa bahati mbaya, mbwa hatageuka na meno.

Kisha itisha kikao cha nyumba. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndipo kozi nyingi zinapofia. Katika nyumba zetu mbwa haishi na mtu mmoja. Yupo baba anayelipia darasa, watoto wanaocheza naye, dada wa kazi anayempa chakula, na askari wa langoni anayekaa naye kuliko wote. Baba akisema "kaa", watoto wakisema "sit", na askari akimfukuza kwa fimbo, mbwa hajui afuate lipi. Kubalianeni maneno machache, ya lugha yoyote, na yabandikeni ukutani jikoni na kwenye kibanda cha askari: kaa, lala, njoo, acha, subiri. Dada na askari waelezwe kwa heshima sababu za kila jambo, na ikiwezekana mmoja wao aje darasani. Mara nyingi dada wa kazi ndiye mwanafunzi bora wa darasa zima, kwa kuwa yeye ndiye aliye na mbwa mchana kutwa.

Safari nayo ianze kuzoewa. Mketishe garini gari likiwa limezimwa, mpe chakula, mtoe. Siku nyingine washa injini. Siku nyingine zungukeni mtaa. Mwenye kutumia teksi aulize mapema kama dereva anakubali mbwa, abebe taulo kuukuu, na amweke mbwa ndani ya kreti au kikapu chenye mfuniko.

Hatua ya nne: mkoba wa darasani

Kinachohitajika ni kidogo. Kadi ya chanjo, kamba ya kawaida ya mita moja na nusu au mbili (zile zinazojivuta na kujirudisha zinawanasa mbwa wengine miguu), maji na bakuli, taulo, mifuko ya kuzolea kinyesi, na mkeka au kipande cha blanketi kutoka nyumbani chenye harufu anayoijua.

Na chakula cha zawadi. Hiki ndicho mshahara wake, kwa hiyo kiwe kizuri. Ini la kuchemsha lililokatwa vipande vidogo sawa na punje ya njegere ni bora sana, ila si kwa wingi kwa kuwa likizidi linaharisha. Minofu ya kuku ya kuchemsha bila chumvi wala kitunguu inafaa. Omena waliochemshwa na kuanikwa, wasiotiwa chumvi, ni wa bei nafuu na mbwa huwapenda kwa harufu yao. Viazi vitamu vya kuchemsha vinafaa kwa mbwa mwenye tumbo jepesi. Usibebe chokoleti, zabibu, kitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Tatu za kwanza ni sumu kwa mbwa, na mifupa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo.

Siku ya darasa mpunguzie mlo, na asile mlo kamili ndani ya saa mbili au tatu kabla ya safari. Atafika na njaa kidogo, atajifunza vizuri, na hatatapika njiani.

Hatua ya tano: siku ya kwanza

Fika robo saa mapema. Mpe nafasi ya kukojoa, mwache anuse mahali penu, kisha tandika mkeka mbali kidogo na wengine. Usikimbilie kumsogeza kwa mbwa mwingine "wasalimiane". Mbwa wawili waliofungwa kamba, wakitazamana uso kwa uso, hawasalimiani vizuri.

Kazi yako kubwa siku hiyo ni kumsoma. Mbwa anayeogopa hutoa ishara kabla hajalia: anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo hakuna chakula, anageuza uso, anabana mkia, anainua mguu mmoja wa mbele, anakataa hata ini. Ukiona mawili matatu kati ya hayo, ongeza umbali. Nenda mita tano nyuma, kaa chini naye, mwache atazame tu. Kutazama darasa kwa saa nzima akiwa ametulia ni somo zuri kwa mbwa mwoga. Usimlazimishe, na usikubali mtu yeyote amlazimishe.

Walimu wengi huwaachia wachanga wacheze kwa dakika chache. Mchezo mzuri una zamu: huyu anafukuza, kisha anafukuzwa, anakuwa juu, kisha chini, wanasimama, wanajitikisa, wanaanza tena. Ukiwa na shaka kama mdogo anafurahia au anaonewa, mzuie mkubwa kwa sekunde kadhaa. Mdogo akirudi mwenyewe kumchokoza, ni mchezo. Akikimbilia chini ya kiti, mchezo uishe. Mchezo huu una faida moja ambayo nyumbani hupati: mbwa mchanga akiuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha kucheza, naye hujifunza kupima meno yake.

Mbwa akijisaidia katikati ya darasa, futa bila maneno. Akibweka saa nzima, si aibu; mwombe mwalimu nafasi ya pembeni au kipande cha turubai cha kumkinga asione wengine.

Mafunzo yenyewe

Utafundishwa kumkalisha, kumlaza na kumtembeza bila kuvuta. Hayo mwalimu atakuonyesha, na mbwa wengi huyapata haraka. Mimi nataka nikae kwenye matatu ambayo maisha ya mbwa wako yanayategemea.

La kwanza ni kuja anapoitwa. Anza hatua mbili kutoka kwake, sema "njoo" mara moja, rudi nyuma ukichuchumaa, akifika mpe vipande vitatu vinne, kimoja kimoja, huku umemshika kola kwa upole. Kisha mwachie aende tena. Hilo la kumwachia ni muhimu: mbwa anayeitwa tu wakati wa kufungiwa ndani hujifunza kwamba "njoo" maana yake raha imekwisha. Usimwite ili umwogeshe, umpe dawa au umgombeze. Kwa mambo hayo, mfuate alipo. Na hata akichelewa nusu saa, akija mshangilie. Ukimpiga kwa kuchelewa, umemwadhibu kwa kuja.

La pili ni kutorukia watu. Huku kwetu si suala la nguo kuchafuka tu. Jirani Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, na ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa akimrukia akiwa njiani kwenda msikitini, umemtia mtu huyo katika usumbufu mkubwa, na umeuvunja ujirani. Wapo pia wazee na watoto wanaoangushwa, na watu wengi tu wanaoogopa mbwa, nao wana haki yao ya kupita kwa amani. Mfundishe hivi: mgeni akikaribia, mbwa akae. Akikaa, zawadi inatua chini kati ya miguu yake. Akiruka, wewe rudi nyuma naye hatua chache, kimya, mjaribu tena. Wote nyumbani wafuate sheria hiyohiyo, watoto hasa, maana wao hufurahia kurukiwa akiwa mdogo. Uzito wake akiwa na wiki tisa si utakaokuwa nao mwaka ujao. Mgeni asiyetaka kuguswa asilazimishwe kushiriki zoezi. Mpishe njia, na mbwa akae pembeni yako akila.

La tatu ni meno. Mbwa mchanga huuma kila kitu, na meno yakianza kubadilika, kati ya mwezi wa nne na wa sita, huzidisha. Akikushika mkono kwa meno, mkono ulegee, mchezo usimame, mpe kitu chake cha kutafuna. Kumpiga mdomo kunamfundisha kuiogopa mikono. Akizidi kuwa mkali jioni, mara nyingi amechoka: wachanga hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na nyumba yenye watoto haimpi nafasi hiyo. Mpe mahali pake pa kulala ambapo hakuna anayeruhusiwa kumgusa.

Meno yakitoboa ngozi ya mtu, yawe ya mbwa wako au wa mwingine, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uwaeleze chanjo za mbwa zilipofikia. Usipake chochote cha kienyeji. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo kinazuilika. Kenya ina mpango wa kukikomesha kama ugonjwa wa binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kadi yako ni sehemu ya hesabu hiyo.

Kati ya darasa na darasa

Saa moja ya Jumamosi haimfunzi mbwa, inakufunza wewe. Yeye hujifunza katika vipindi vifupi vya dakika tatu hadi tano, mara tatu nne kwa siku, kabla ya milo. Acha angali anataka kuendelea. Zoezi likishakaa vizuri sebuleni, lipeleke uani, kisha langoni, kisha nje ya lango, kila mara ukianza kwa urahisi upya. Mbwa anayekaa jikoni lakini hakai langoni si mkaidi. Langoni ni mahali pengine kabisa kwake, pana harufu na sauti nyingine, na huko hajafundishwa bado.

Chanjo zikiwa bado, mbebe ukakae naye mahali ambapo watu wanapita: kituo cha mafuta, nje ya duka, karibu na stendi ya matatu lakini si ndani ya kelele. Kila kipya, kipande cha kuku. Mvua ikigonga mabati, kuku. Muuza mboga akiita, kuku.

Ukikosa darasa moja kwa ugonjwa, hakuna hasara. Mwenye kuhara au kukohoa abaki nyumbani kwa ajili ya wenzake. Mwalimu akibadilika katikati ya kozi akaanza kupiga, chukua mbwa wako utoke, hata kama umelipa yote.

Pasipo na darasa

Tafuta familia mbili au tatu zenye mbwa wa umri unaokaribiana, waliochanjwa kwa daktari mmoja ikiwezekana. Kutaneni ua wa mmoja wenu mara moja kwa wiki, ua ambao haujapata mbwa mgonjwa wa parvo ndani ya mwaka uliopita. Dakika kumi mbwa wakae kila mmoja kwenye mkeka wake wakila kwa kuangalia wenzao. Dakika kumi mazoezi ya kuja na kukaa. Dakika tano mchezo, wawili wawili wanaolingana. Kisha badilishaneni: kila mtu amwite mbwa wa mwenzake, amguse masikio, ampe zawadi. Mwalikeni mtu aliyevaa kofia ya pikipiki, mwenye mwavuli, mwenye kiti cha magurudumu kama yupo na anapenda. Muulizeni daktari wa mifugo kama anamjua mwalimu anayeweza kuja hata mara moja kuwatazama.

Kozi ikiisha, usiache. Kati ya mwezi wa sita na mwaka na nusu mbwa huingia ujana, na yule aliyekuwa anakuja kwa mbio atasimama na kukutazama tu. Rudi kwenye kamba ndefu, rudi kwenye ini, punguza umbali wa kumwita, na kama mwalimu ana darasa la hatua ya pili, jiandikishe nalo mapema kabla nafasi hazijajaa.